Taa ya Diski na Bukuru wa Gwarama

Kosa langu la kwanza pale Kibondo lilikuwa kuamini kwamba kompyuta ikiombwa orodha inasoma tu, haiandiki chochote. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kila nilichokijua kuhusu kanzidata nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: hajui ni kipi ambacho wenzake wote wanakijua na yeye hakuwahi kukisikia. Kwa hiyo nilikagua kila kitu mara tatu. Nilifunga nyaya kwa vibanio mpaka zikafanana na nywele zilizosukwa, nilifuta vumbi kabla halijatua, na bado kila asubuhi nilipofungua mlango wa ofisi nilihisi kwamba leo ndiyo siku watakayogundua sijui kitu. Mwaka ule wote ulinirudia mwezi uliopita, Kasulu, nilipokwenda kwenye hitima ya Maulidi, dereva wetu wa wakati huo. Nilikaa mkekani kati ya wanaume nisiowajua, sinia la pilau mbele yetu, na mzee mmoja akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikasema nilifanya naye kazi kwenye mradi wa macho. Akanitazama vizuri, akacheka huku amefunika mdomo kwa heshima ya msiba. "Kumbe wewe ndiye Injinia! Wewe ndiye uliyemtuma kijijini Gwarama akaleta mtu mwenye macho mazima!" Maulidi alikuwa ameisimulia hadithi ile kwa watu wote wa Kasulu, na kwa alivyoisimulia, nadhani, ilikuwa inachekesha. Mimi sikuicheka kwa muda mrefu sana.

Ofisi yetu ya Kibondo ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya maharage, na harufu ya magunia haikuwahi kutoka. Kulikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa yangu, na chini yake ilikaa kompyuta kubwa nyeusi tuliyoiita seva. Nyingine ilikuwa ya Mama Konsolata, karani. Alizaliwa Burundi, akakulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na sasa alikuwa raia mwenye shamba la mihogo na sauti iliyofika barabarani. Wahudumu wa afya walipita vijijini Kibondo na Kakonko kupima watu macho, wakarudi na karatasi, naye akaziingiza kwenye kanzidata. Mara moja kwa mwaka madaktari wa upasuaji walikuja kwa wiki moja. Nafasi zilikuwa chache kuliko watu, kwa hiyo orodha moja ilipaswa kutoka ikianza na waliopofuka macho yote mawili, popote walipo, na gari la Maulidi liwafuate majumbani. Asiyefuatwa angesubiri mwaka mwingine gizani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kuitoa orodha hiyo. Mchana tulikula pamoja ugali wa muhogo na maharage aliyoyaleta Mama Konsolata kwenye hotipoti, na Maulidi, ambaye baba yake alitoka Pangani na ambaye hakutaka tulisahau hilo, alilalamika kila siku kwamba maharage hayakutiwa nazi.

"Nazi utaikuta wapi huku, wewe mtu wa Pangani usiyewahi kuiona Pangani?" Mama Konsolata alimwambia.

"Nimeionja kwenye maziwa ya bibi yangu."

"Basi mwambie bibi alete na leo. Injinia, kula. Unatazama sahani kama vile itakuuliza swali."

Mimi niliisikiliza ile mashine. Wiki chache kabla ya madaktari kuja niliomba orodha kwa mara ya kwanza, na taa nyekundu ya diski ikaanza kuwaka na kuzima kwa kasi ya kutisha. Diski ilikuna, ikakwaruza, ikanguruma. Orodha haikuja. Baada ya muda mrefu yalikuja maandishi yakisema nafasi kwenye diski imekwisha. Nikaenda kuangalia nafasi: ilikuwepo tele, zaidi ya nusu ya diski ilikuwa tupu. Nikaomba tena. Taa, makelele, nafasi imekwisha. Nikaangalia tena: nafasi tele. Sijui kama nitaweza kumweleza mtu hofu ile. Mashine iliniambia jambo, macho yangu yakaniambia jingine, na mimi sikuwa na mtu wa kumwuliza kuanzia Kakonko mpaka Kigoma. Nilidhani ni kirusi, nikasafisha. Nilidhani kuna mtu anaingia kupitia mtandao, nikauchomoa waya. Nilidhani ni ile programu ya kunakili data kila siku, nikaizima. Taa ikaendelea. Kuomba orodha ni kusoma, nilijiambia, na kusoma hakumalizi nafasi. Basi diski inakufa, na kabla ya kufa inasema uongo. Nikampigia mratibu wetu Kasulu nikamwambia hivyo kwa sauti ya mtaalamu. Akasema atatafuta mpya.

Nilipokuwa nasubiri sikuweza kukaa bila kurekebisha kitu. Nikaanza kuitengeneza orodha yenyewe ipendeze itakapochapwa, na kilichoniudhi zaidi kilikuwa sehemu ya maelekezo. Nilipoipanga mimi niliwazia jina la kitongoji, labda na jina la balozi wa nyumba kumi. Mama Konsolata alikuwa anaandika humo mambo marefu ambayo hayakuishia popote, yakavuka mstari, yakavunja jedwali, yakaenda ukurasa wa pili. Sikuyasoma. Niliyaona kama matope kwenye sakafu niliyoideki. Nikaiamuru orodha ichukue maneno machache ya mwanzo tu, yaenee kwenye mstari mmoja. Nikaondoa umri na jinsi ili karatasi ipumue. Diski mpya ilipofika nikaifunga, nikarudisha data, nikaomba orodha. Taa ikamulika kidogo, ikatulia. Orodha ikatoka kabla sijainua kikombe cha chai. Mama Konsolata akapiga vigelegele kwa ajili yangu, na mratibu akanipongeza kwa simu mbele ya watu. Ile ndiyo siku niliyolala vizuri kuliko zote mwaka ule. Nilikuwa nimebadilisha vitu viwili kwa pamoja, na sifa zote nikakipa kimoja.

Madaktari wakaja, na siku yao ya kwanza Maulidi akaondoka alfajiri kwenda upande wa Kakonko na karatasi zangu nzuri. Alirudi alasiri. Nilikuwa mlangoni nikimsubiri kwa sababu sikuweza kukaa ndani. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma kwa madaha, na mzee mmoja mwembamba akaruka chini bila kushikwa mkono, akanisalimu, kisha akasimama akisoma kwa sauti tangazo la duka lililokuwa ng'ambo ya barabara.

"Injinia," Maulidi alisema, "mgonjwa wako huyo. Bukuru wa Gwarama, macho yote mawili. Njiani kanionyesha kanga watatu nyuma ya kichuguu. Mimi mwenyewe sikuwaona."

"Ndiye huyo?"

"Karatasi yako inasema Bukuru, Gwarama, ukivuka daraja la magogo. Nimevuka daraja la magogo. Nimeuliza Bukuru. Wamenipa Bukuru."

"Macho huwa yananiwasha," mzee Bukuru alisema kwa adabu, "hasa wakati wa vumbi." Kisha akauliza soko la Kibondo siku hizi liko wapi.

Mama Konsolata alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakucheka. Aliichukua karatasi mkononi mwa Maulidi, akaisoma, akanigeukia. "Maneno yangu yako wapi?"

Nikamwambia niliyafupisha.

"Uliyafupisha." Akavuta pumzi. "Mwanangu, wewe umekulia mjini Kigoma, sawa, lakini si ni Muha? Pacha wa kwanza anaitwa nani?"

"Bukuru."

"Kila pacha wa kwanza. Awe wa kike, awe wa kiume. Gwarama ina Bukuru wangapi? Na mtu na ndugu yake wa tumbo moja wana jina moja la ukoo?"

Hawana. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, baba ana lake, kaka ana lake, na ukitaka kumjua mtu itabidi useme ni wa nani, aliolewa wapi, anapakana na nani. Nililijua hilo tangu nilipojua kuongea. Nilikuwa nimeliacha nje ya mlango wa ofisi, kama viatu, kwa sababu katika masomo niliyoyapata kwenye simu watu walikuwa na jina la kwanza, jina la mwisho, na namba ya nyumba. Nikaketi, nikaomba kumbukumbu ya mtu mmoja tu, na kwa mara ya kwanza nikasoma alichokiandika mama yule: "Gwarama, ukivuka daraja la magogo usielekee shuleni, shika kushoto penye mikaratusi mpaka kwa Nibigira anayekamua mawese. Nyuma ya kwake mlango wa bati la bluu. Ni mama mzee, mjane wa yule fundi mizinga ya nyuki aliyeanguka mtini. Mjukuu wake mchana yuko shambani, piga hodi kwa nguvu, atatoka mwenyewe akishika ukuta. Ni mwoga wa gari, mkae naye mbele."

Simu ya Mama Konsolata iliita tukiwa bado pale. Aliyepiga alikuwa jirani wa kule kule Gwarama. Walizungumza Kiha, na mimi nilisikia upande mmoja tu, wa kuitikia: "Ego... Ego... Eeh, mama." Alipokata akatuambia, akimtazama zaidi Maulidi kuliko mimi. Bukuru yule mama alikuwa ameketi nje tangu asubuhi na nguo zake zimefungwa kwenye kitenge. Alisikia gari linakuja. Akasimama, akajinyoosha, akashika ukuta. Akalisikia linapunguza mwendo darajani, watu wanaongea, milango inafungwa. Kisha akalisikia linaondoka.

Maulidi akavua kofia yake, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. "Huyo nitamfuata kesho," alisema. "Lakini Injinia, huyo mmoja tumemjua. Wangapi wengine uliowafupisha?"

Gari la mwisho la upande ule lingeondoka siku iliyofuata baada ya chakula cha mchana. Madaktari hawakuweza kupokea wengine baada ya hapo. Asubuhi ile nilirudisha maelekezo yote kwenye orodha, kamili, na umri, na jinsi, nikaomba. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Diski mpya, iliyosafirishwa kwa ajili yangu, ikakuna na kunguruma vile vile kama marehemu mwenzake, na maandishi yakaja: nafasi imekwisha. Nakumbuka masikio yalipata moto. Mratibu akapiga kuuliza ile diski inaendeleaje. Nikasema inaendelea vizuri. Nilikuwa nafuta jasho na huku taa inamulika goti langu, na nikasema inaendelea vizuri.

Kilichoniokoa si akili, ilikuwa hofu ya kukosea tena kwa njia ile ile. Nilijiapia kwamba safari hii nitagusa kitu kimoja, nitazame taa, nikirudishe, ndipo niguse kingine. Niliomba kata ya Kasanda peke yake: taa kimya. Nikarudisha kata zote lakini nikaiambia isipange, itoe mistari vyovyote itakavyotoka: taa ilimulika kidogo, ya kusoma, ikaisha salama. Nikarudisha kupanga: taa ikachachamaa. Basi ugonjwa uko kwenye kupanga. Nikaacha kupanga kuendelee, ila nikaondoa maelekezo: kimya kabisa. Nikayarudisha: ikachachamaa. Mama Konsolata aliacha kuandika, akawa anaitazama taa pamoja nami kama watu wanaotazama mgonjwa akipumua. "Imelala," alisema. Halafu, "Hapana, imeamka."

Ndipo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya wiki zile zote. Wakati inanguruma, kabla haijashindwa, nilifungua folda ambamo programu huweka vitu vyake vya muda na nikatazama. Mafaili yalikuwa yanazaliwa pale mbele ya macho yangu, moja, jingine, jingine, makubwa, mpaka nafasi ikaisha kweli. Maandishi ya kosa yakaja, na papo hapo mafaili yote yakafutika, nafasi ikarudi tele. Mashine haikuwahi kuniongopea. Kila mara nilikuwa nafika mahali pa tukio baada ya watu kufagia.

Kupanga kunahitaji uwanja. Programu ilikuwa imetengewa sehemu ndogo ya memori iwe uwanja wake, na kwa mistari mifupi ulitosha. Mistari ikiwa mipana haienei, basi programu inapanga fungu moja, inalishusha kwenye diski kama faili la muda, inapanga jingine, inalishusha, halafu inayasoma yote tena ili iyaunganishe. Na mimi nilikuwa nimeiongeza mistari yenyewe maradufu bila kujua, kwa sababu ombi langu liliunganisha kila mtu na kila siku aliyowahi kupimwa: mtu aliyepimwa mara nyingi alibeba daraja, mikaratusi, Nibigira na mlango wa bluu kwa kila mara. Lakini ili kujua nani atangulie hukuhitaji mlango wa bluu hata kidogo. Ulihitaji namba ya mtu, hali ya macho yake na kata. Nilimweleza Mama Konsolata hivyo kwa haraka, nikiogopa atasema sasa na yeye aandike kwa ufupi.

"Kwa hiyo maneno yangu ndiyo yaliyoijaza," alisema.

"Ni mimi niliyeibebesha wakati inakimbia. Ikimaliza kuwapanga watu, ndipo niipe maneno yako."

"Yote?"

"Yote."

Akarudi kwenye kibodi yake, na nilimsikia anapiga herufi kwa nguvu zaidi.

Niliandika ombi upya. Kwanza mtu mmoja mstari mmoja, kwa kipimo chake cha mwisho tu. Wapangwe wakiwa na namba, hali ya macho na kata tu. Na wakishapangwa, waliopata nafasi waendewe mmoja mmoja kuchukuliwa maelekezo yao. Nikaongeza na ile sehemu ya memori, lakini baadaye, peke yake, baada ya kuona ya kwanza imefanya nini. Nje Maulidi alikuwa amekwisha kula, tayari amewasha gari, na anapiga honi fupi fupi za kunikumbusha kwamba yupo. Nilibonyeza. Taa ikamulika mara chache, ikazima. Sikuamini. Nilidhani imekwama. Kisha printa ikaanza.

Karatasi zilikuwa mbaya sana kutazama. Maelekezo yalivuka mistari, mtu mmoja alichukua robo ukurasa, mwingine nusu. Vidole viliniwasha kuzitengeneza. Maulidi akazipokea dirishani, akasoma ya kwanza midomo ikicheza, ya pili, akainua macho. "Sasa haya ndiyo maneno," alisema. "Huyu hapa anasema mbwa wake mweupe anauma, mweusi haumi. Injinia, ungetaka nigundue mwenyewe?"

"Nenda, baba."

"Naenda. Wewe kula. Mama Konsolata, mlishe huyu kwa lazima."

Jua lilikuwa limeshuka gari liliporudi. Nyuma walikuwa wamebanana, wengine wameshikana mikono, na kiti cha mbele alikaa mama mdogo wa umbo aliyekumbatia kitenge kilichofungwa. Mama Konsolata akamfungulia mlango, akamwamkia kwa Kiha, na mimi nikampa mkono wangu ashuke. Hakuuchukua mara moja. Alikigusa kwanza kibati cha mlango, akakipapasa. Akauliza kitu kwa sauti ndogo ambayo sikuisikia vizuri, na Maulidi akamjibu, naye Maulidi hakuwa mtu wa kukosa la kuongeza, lakini safari hii aliishia hapo akageuka pembeni. Nikamwuliza Mama Konsolata amesema nini.

"Ameuliza kama hili ndilo gari la jana. Anasema mlio wake anaujua."

Alipasuliwa kesho yake, jicho moja, na la pili mwaka uliofuata. Nilichapa karatasi zote mbili. Mwaka huo wa pili ulipokwisha niliajiriwa kwingine, na sijawahi tena kuishi karibu na harufu ya magunia ya maharage. Maulidi hakuniita jina jingine zaidi ya Injinia mpaka alipokufa, na sikujua, mpaka mwezi uliopita mkekani, kwamba miaka yote aliendelea kunifichia watu sehemu ya mwisho ya hadithi. Aliwaambia watu habari za mzee aliyeona kanga. Habari za mama aliyesikia gari linaondoka hakumwambia mtu yeyote. Nilimwuliza Mama Konsolata, aliyekuwa upande wa wanawake, mvi sasa zimemjaa chini ya mtandio, kama na yeye anajua hivyo. "Najua," alisema. "Aliniambia hiyo si ya kuchekea." Nyumba ya msiba niliipata kwa ujumbe alionitumia yeye kwenye simu, mrefu kuliko kioo: ukitoka stendi usipande kilima, pita msikiti mdogo, uliza kwa muuza mkaa mwenye mtoto anayeitwa kama wewe. Niliusoma wote kabla ya kuanza kutembea.

Siku hizi nikiona diski inahangaika wakati wa kupanga, natazama mafaili ya muda kazi ikiwa inaendelea, na ninabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Sehemu ya maelekezo katika kila kanzidata ninayoitengeneza haina kikomo cha herufi. Karatasi zangu bado ni mbaya kutazama, na nimeacha kuzitengeneza.